Nyumba ya Shamba Chini ya Vesuvius

Hotuba iliyotolewa Dodoma mbele ya wakulima wa zabibu, walimu na wanafunzi wa historia

Wazee wangu, shikamooni. Walimu, wanafunzi, na ninyi wakulima mlioacha kazi mapema leo mkaja kunisikiliza, karibuni na asanteni.

Picha ya kwanza niliyoitundika ukutani ni ya nguruwe. Najua humu ndani wapo wasiopenda hata kumtazama. Wanivumilie, maana huyu ndiye shahidi wangu wa kwanza. Si nguruwe wa kuchongwa. Ni umbo la mnyama aliyekufa mwaka 79 BK, Mlima Vesuvius ulipolipuka kule kusini mwa Italia. Majivu yalimfunika yakashikamana, mwili ukaoza humo ndani, na mahali alipolala pakabaki uwazi wenye umbo lake mwenyewe. Wachimbaji walipoufikia uwazi huo walimimina plasta ya jasi, wakangoja ikauke, kisha wakaondoa majivu yaliyoizunguka. Ufundi huo aliuanzisha Giuseppe Fiorelli huko Pompeii, mji wa Kirumi uliofukiwa na mlipuko huo, mwaka 1863, naye aliutumia kwa miili ya watu. Wale watu wa Pompeii wengi wenu mmewaona kwenye vitabu. Nguruwe huyu hakufia mjini. Alifia shambani, kwenye nyumba ya wakulima wa zabibu, na habari za nyumba hiyo ndizo zilizonileta kwenu.

Leo inaitwa Villa Regina. Iko Boscoreale, mwendo mfupi tu kaskazini mwa Pompeii, upande wa mlimani. Msidhani ni jumba la fahari. Ni nyumba ya shamba, ya wastani, yenye ua katikati, vyumba vya kazi kuuzunguka, jiko, ghala la majani, kiwanja cha kupuria nafaka, na chumba kimoja tu kizuri chenye kuta zilizochorwa, ambamo mwenye mali angeweza kukaa akala vizuri. Mwenye mali huyo hatumjui jina. Nyumba za aina hii zilizogunduliwa katika mashamba ya Pompeii na ya Stabiae, mji jirani wa pwani, ni nyingi, zinakaribia mia moja au kupita. Udongo wa volkano una rutuba, bandari ilikuwa karibu, na mlima wenyewe, kwa jinsi watu wa wakati ule walivyouona, ulikuwa kilima kirefu kilichojaa mizabibu. Wachache mno walijua kuwa ulikuwa na moto.

Lakini kabla sijaingia ndani ya nyumba hiyo, nitapita kwa jirani yake, kwa sababu bila jirani hamtaelewa kwa nini naithamini hii ndogo.

Hapohapo Boscoreale kulikuwa na nyumba nyingine ya shamba, kubwa zaidi, inayojulikana kama Villa della Pisanella. Ilikuwa na mitambo ya kukamulia zabibu na mizeituni, kinu cha kusagia, tanuri la mikate, mazizi, na hata bafu la maji moto. Uani mwake kulikuwa na mitungi mikubwa 84 iliyofukiwa ardhini. Wakulima, hebu fikirini: mitungi 84, kila mmoja wa mamia ya lita. Hilo lilikuwa shamba la biashara kubwa.

Mwezi Aprili 1895, wachimbaji waliokuwa wakifanya kazi kwa niaba ya mwenye ardhi walikuta hazina katika chumba cha kukamulia zabibu: vyombo vya fedha zaidi ya 100, pamoja na sarafu za dhahabu zipatazo 1,000. Vikombe, sahani, vioo, miiko. Baadhi ya vyombo vilikuwa vimekwaruzwa jina la mwanamke, Maxima. Kuna vikombe viwili vilivyochorwa mifupa ya watu ikila na kunywa, na kando ya mifupa yameandikwa majina ya wanafalsafa wa Kigiriki, kana kwamba mfua fedha alitaka kumwambia mnywaji kuwa hata wenye hekima wataishia hivi. Na kuna sahani moja ambayo katikati yake kuna kichwa cha mwanamke aliyejifunika ngozi ya kichwa cha tembo, mkonga na pembe zikiwa juu ya nywele zake. Huyo, kwa maelezo ya wengi, ni Afrika. Msifurahi haraka: Afrika waliyoijua Warumi ni ile ya kaskazini, kuanzia Carthage na kuendelea. Sisi hatumo kwenye sahani ile.

Fedha hiyo ilitoroshwa Italia ikafika Paris. Tajiri Edmond de Rothschild akainunua, akaipa makumbusho ya Louvre sehemu yake kubwa, na ndiko iliko mpaka leo. Italia kulikuwa na kelele nyingi, lakini sheria ya taifa zima ya kulinda mambo ya kale ilikuwa haijatungwa. Vitu vingine vya Boscoreale vilisambaa duniani: kuta zenye michoro za nyumba nyingine ya jirani ziliuzwa, na chumba kizima cha kulala sasa kiko New York, katika makumbusho ya Metropolitan. Vyombo vya shaba na vipande vya michoro vilifika Chicago. Na Pisanella yenyewe? Ilipokwisha kutoa ilichotakiwa kutoa, ilifukiwa tena. Michoro ya ramani ipo, mfano mdogo wa nyumba ulitengenezwa, maandishi yapo. Nyumba yenyewe, ile ya mitungi 84, mtu wa leo hawezi kusimama uani mwake.

Nitasema msimamo wangu wazi, na wanahistoria wenzangu waliokaa mbele wanaweza kunipinga baadaye. Mtu angeniambia nichague kimoja, ile fedha ya Louvre au ile nyumba iliyofukiwa, ningechagua nyumba. Kikombe cha fedha kinanieleza mtu mmoja alikuwa na mali kiasi gani. Uani mwa Pisanella ningeona jinsi mali hiyo ilivyopatikana, na ni migongo ya akina nani iliyobeba.

Sasa Villa Regina. Mwaka 1977 palikuwa panajengwa nyumba za ghorofa za wananchi, mashine zikagusa kuta za kale. Safari hii waliokuja kuchimba hawakuwa watafuta hazina. Walikuwa wanaakiolojia wa serikali, na walichimba polepole, kwa miaka kadhaa, wakiandika kila walichokuta: chungu kilikuwa wapi, majembe yalikuwa wapi, punje gani ilikuwa ghalani. Stefano De Caro ndiye aliyechapisha kitabu cha matokeo mwaka 1994. Hawakukuta hazina. Walikuta vyungu, taa za mafuta, zana za chuma, mbegu, mbao zilizoungua zikawa makaa. Walikuta nguruwe wetu.

Halafu wakafanya jambo ambalo wachimbaji wa 1895 lisingewapitia kichwani hata kidogo: walichimba pia shamba. Kulikuwa na mtaalamu wa Kimarekani, Wilhelmina Jashemski, aliyetumia miaka mingi ya maisha yake kuchunguza bustani na mashamba yaliyofukiwa na Vesuvius. Kanuni ya kazi ile ni ileile ya Fiorelli, ila sasa ni kwa mimea. Mzizi ukioza ndani ya udongo uliogandamizwa, unaacha tundu. Vijiwe vyepesi vya volkano huangukia ndani ya tundu. Unavitoa kimoja kimoja kwa zana ndefu na nyembamba, unaingiza waya wa kutia nguvu, unamimina saruji, unangoja, kisha unachimba udongo pembeni. Kinachotokea ni mzizi wa saruji, wenye vidole vyake vyote. Unaulinganisha na mizizi ya miti iliyo hai, na unajua kama ulikuwa mzabibu, mzeituni au mtini.

Kwa njia hiyo walijua kwamba nyumba ilizungukwa na mizabibu mpaka karibu na kuta, ikiwa imepandwa kwa mistari na kuegemezwa kwenye miti, na katikati yake palichanganywa mizeituni na miti ya matunda. Mtu aliyezoea shamba la leo, la zao moja lililonyooka kama kitabu cha hesabu, anaweza kuona ni uzembe. Sio uzembe. Mkulima wa Campania, yaani eneo hili la Vesuvius, alitaka mvinyo wa kuuza, lakini alitaka pia tini na zeituni za kula, na kivuli. Mzee mmoja hapa Dodoma aliniambia kabla sijapanda jukwaani kuwa hata yeye ana mipapai ndani ya shamba lake la zabibu, na mabwana shamba wamekwisha kumgombeza. Nimemwambia asijali, ana wenzake wa miaka karibu elfu mbili.

Tuingie uani. Hapa ndipo nyinyi mtakuwa mabingwa na mimi mwanafunzi.

Ua una nguzo pande tatu, na sehemu ya wazi imejaa midomo ya mitungi. Ni mitungi 18. Warumi waliita mtungi wa aina hii dolium. Imefukiwa yote mpaka shingoni, hivyo unachoona juu ya ardhi ni midomo mipana tu, mingine ikiwa na vifuniko vyake. Ikijumlishwa, inachukua lita kama 10,000 za mvinyo. Nikipiga hesabu za haraka, hiyo ni zabibu tani 13 au 14 hivi. Mtaniambia wenyewe hizo ni ekari ngapi kwa mavuno yenu, nanyi mnavuna mara mbili kwa mwaka. Wao walivuna mara moja tu, mwishoni mwa kiangazi na kuingia vuli, na kosa la wiki hizo chache lilikuwa kosa la mwaka mzima.

Vichala vililetwa kwa vikapu katika chumba cha kukamulia, kilichopakana na ua. Kwanza zilikanyagwa kwa miguu ndani ya birika lililosakafiwa kwa lipu isiyopitisha maji. Mchuzi wa zabibu uliotoka kwa miguu ndio uliokuwa bora, kwa sababu mguu wa mtu hauvunji kokwa, na kokwa likivunjika linatia uchungu. Makapi yaliyobaki yakapelekwa kwenye mtambo. Mtambo ulikuwa boriti refu la mti mgumu, ncha moja imeshikwa na nguzo iliyozamishwa sakafuni, ncha nyingine inavutwa chini kwa kamba na roda, makapi yakiwa yamebanwa katikati. Mchuzi ulitoka chumbani kwa mfereji hadi uani, kwenye mitungi. Hakuna aliyebeba ndoo bila sababu. Sakafu ya chumba iliinuliwa ili mchuzi uteremke wenyewe.

Ndani ya mtungi ulipakwa lami ya msonobari, yaani utomvu uliochemshwa mpaka ukawa mweusi na mzito. Udongo uliochomwa unanyonya, na mtungi usiopakwa ungekunywa mvinyo kabla ya mwenye nyumba. Lami hiyo iliupa mvinyo ladha yake, na Warumi waliipenda. Na kwa nini kufukia? Mchuzi unaochacha unajipasha moto wenyewe. Ukizidi moto, chachu inakufa na kazi inasimama njiani. Ardhi inaufyonza ule moto wa ziada, na baadaye, siku za baridi, inauzuia mvinyo usipoe kupita kiasi. Leo kiwanda kinanunua tangi la chuma lenye koti la maji baridi na kulipa bili ya umeme. Wao walichimba shimo.

Ila jambo linalowashangaza wengi ni kwamba ua huu haukuwa na paa. Mitungi ilikaa chini ya mbingu. Plinius, yule amiri wa jeshi la majini aliyeandika habari za kila kitu, mvinyo ukiwemo, anasema kwamba Campania mvinyo ulio bora kabisa huachwa mahali pa wazi upigwe na jua, mwezi, mvua na upepo. Naona kuna vichwa vinatikiswa kule nyuma. Nami sisemi mkafanye hivyo. Nasema wao walifanya, na walifanya makusudi.

Plinius huyohuyo hakuusifu sana mvinyo wa Pompeii. Anasema ukiunywa, kichwa kinakuuma mpaka saa sita ya kesho yake. Na hapa Mswahili anaelewa haraka kuliko Mzungu, maana Warumi walihesabu saa za mchana kama sisi, tangu jua kuchomoza. Saa sita yao ni saa sita yetu: adhuhuri. Mtu analewa usiku, na jua likifika utosini ndipo anapata nafuu. Plinius alikufa katika mlipuko huohuo wa mwaka 79, ufukweni Stabiae, alikokuwa amekwenda na merikebu kuangalia na kuokoa watu.

Siku yenyewe ya mlipuko inabishaniwa. Kwa miaka mingi vitabu vimesema ni tarehe 24 Agosti, kufuatana na nakala za barua za mpwa wake Plinius. Lakini mwaka 2018 palionekana Pompeii maandishi ya mkaa ukutani yenye tarehe inayolingana na 17 Oktoba. Mkaa haudumu ukutani miaka, kwa hiyo wengi sasa wanaamini mlima ulilipuka vuli. Kwa mwanahistoria ni mjadala wa kalenda. Kwa mkulima ni mjadala wa mali: kama ni Agosti, zabibu zilikuwa bado mtini. Kama ni mwisho wa Oktoba, jasho la mwaka mzima lilikuwa tayari mitungini, limefunikwa, likingoja kuonjwa. Mvinyo mpya Warumi waliuonja kwa sherehe tarehe 23 Aprili. Aprili ya mwaka 80 hapakuwa na wa kufunua.

Nimezungumza kuhusu mitungi kwa muda mrefu, kwa sababu mitungi imebaki. Sasa niseme kuhusu walioijaza, ambao hawakubaki, na hapa itabidi nitoke kidogo kwenye nyumba yetu nitafute ushahidi kwingine.

Shamba la Kirumi la kiasi hiki liliendeshwa na watumwa. Mwenye mali mara nyingi aliishi mjini na kuja kwa msimu. Shambani alimweka mnyapara, ambaye naye alikuwa mtumwa, pamoja na mke wake aliyesimamia jiko na ghala. Cato, mzee mmoja wa siasa za Roma aliyeandika mwongozo wa kilimo katika karne ya 2 KK, ametupa hesabu ya watu wa shamba la mizabibu la iugera 100, ambazo ni kama hekta 25: mnyapara, mkewe, wafanyakazi kumi, mwenye maksai, mwenye punda, mwenye kutunza mierebi ya kufungia mizabibu, na mchunga nguruwe. Jumla watu 16. Anaendelea na posho zao. Nafaka kwa kipimo, nyingi zaidi kiangazi kuliko majira ya baridi. Wanaofungwa minyororo wapewe mikate badala ya nafaka, waongezewe wanapoanza kulima mizabibu, na wapunguziwe tena tini zikianza kuiva, kwa sababu tini watazila bure. Kanzu moja kila mwaka wa pili, na ukimpa mpya mnyang'anye ile kuukuu, itumike kushonea viraka. Mtumwa mzee na mtumwa mgonjwa wauzwe pamoja na maksai waliochoka na mikokoteni mibovu.

Mwandishi mwingine, Varro, anautaja mgawanyo wa vyombo vya shamba katika aina tatu: vilivyo bubu, kama mikokoteni, vinavyotoa sauti isiyo maneno, kama ng'ombe, na vinavyosema. Vinavyosema ni watumwa. Waliokulia pwani na visiwani, kwenye mashamba ya karafuu na minazi, hawahitaji nieleze zaidi. Historia hiyo tunayo nyumbani.

Na katika kula na kunywa? Cato anasema baada ya mavuno watumwa wanywe, kwa miezi mitatu, maji yaliyolowekwa makapi. Yaani yale maganda na vikonyo vilivyokwisha kukanyagwa, vikakamuliwa kwa boriti, vikamwagiwa maji na kukamuliwa tena. Ndiyo waliyokunywa watu waliojaza mitungi 18.

Vyumba vyao vilikuwaje? Kwa muda mrefu wanaakiolojia walikuwa wakikisia tu. Chumba kidogo kisicho na rangi, basi huenda kilikuwa cha mtumwa. Lakini mwaka 2021, katika shamba jingine la nje ya kuta za Pompeii, mahali paitwapo Civita Giuliana, kilipatikana chumba ambacho kimetoa jibu. Kina mita za mraba 16. Ndani yake kulikuwa na vitanda vitatu vya mbao vilivyosukwa kamba, vyote vikiwa vimetengenezwa upya kwa plasta kutoka katika uwazi ulioachwa na mbao. Viwili vina urefu wa mita 1.70. Cha tatu ni mita 1.40 tu, kwa hiyo inawezekana kilikuwa cha mtoto. Chini ya vitanda vyungu vya haja na vitu vyao vichache. Katikati ya chumba sanduku la hatamu za farasi, na gongo la mkokoteni limeegemezwa juu ya kitanda. Pembeni imerundikwa mitungi ya akiba. Dirisha dogo juu kabisa. Walilala stoo, kwa maneno mengine, au tuseme stoo ililala nao.

Na unajua kwa nini pale Civita Giuliana palichimbwa? Kwa sababu wezi walikwisha kuchimba. Walitoboa mahandaki zaidi ya mita 80 chini ya ardhi, wakivunja kuta na kupita katikati ya vyumba, wakitafuta vitu vya kuuza. Serikali ilishirikiana na ofisi ya waendesha mashtaka kuwakomesha, kisha wanaakiolojia wakaingia. Palepale, mwaka huohuo, lilipatikana gari la farasi la sherehe lenye mapambo ya shaba na fedha, na picha zake zikazunguka dunia nzima kwa siku chache. Chumba cha vitanda vitatu kilitangazwa Novemba. Hakikuvuma kama gari. Nilitegemea hivyo, lakini iliniuma.

Niulizwe sasa: haya yote yanatuhusu nini? Sipendi sana swali hilo, kwa sababu linadai kila jambo la ulimwengu lipite nyumbani kwetu kwanza ndipo liwe na maana. Nguruwe wa Boscoreale ana maana hata kama Tanganyika isingekuwapo. Lakini mara hii jibu lipo, na ni la kweli, kwa hiyo nitalitoa.

Mvinyo ulipotoka mitungini uani, ulitiwa kwenye ngozi kubwa ya ng'ombe juu ya mkokoteni, au kwenye mitungi ya safari yenye mikono miwili, kila mmoja wa lita 26 hivi. Mitungi ya safari iliyofinyangwa eneo la Ghuba ya Napoli inatambulikana kwa urahisi, maana udongo wake umejaa chembe nyeusi za mchanga wa volkano. Vipande vyake vimeokotwa mbali sana. Vimeokotwa Misri, bandari za Bahari ya Shamu. Vimeokotwa Arikamedu, kusini mwa India. Maana yake ni kwamba mvinyo wa mashamba haya uliingia katika Bahari ya Hindi, bahari yetu, ukisafiri kwa pepo hizihizi za kaskazi na kusi.

Na katika karne hiyohiyo ya 1, mfanyabiashara wa Misri ambaye hatujui jina lake aliandika kwa Kigiriki mwongozo wa safari za bahari hiyo. Anaieleza pwani ya Afrika Mashariki mpaka Rhapta, soko lake la mwisho, ambalo wengi wanalitafuta mahali fulani katika pwani ya Tanzania. Anataja bidhaa zilizoletwa huku: mikuki, shoka ndogo, visu, vyombo vya kioo. Kisha anaongeza kwamba sehemu fulani huletwa pia mvinyo na ngano si haba, lakini si kwa kuuza. Huletwa kwa kugharimia urafiki wa wenyeji.

Siwezi kudai kuwa mvinyo huo ulitoka Boscoreale. Mvinyo wa Siria na wa Misri ulikuwa karibu zaidi na wa bei nafuu, na mfanyabiashara ni mfanyabiashara. Ninachodai ni hiki tu: pale Rhapta kulikuwa na wazee waliokalishwa kitako na kumiminiwa mvinyo wa ng'ambo ili watoe pembe za ndovu kwa moyo mweupe, na katika miaka hiyohiyo, chini ya Vesuvius, waliokanyaga zabibu walikuwa wakinywa maji ya makapi. Sijui kama wazee wa Rhapta walipata habari za waliokanyaga. Nadhani hawakuuliza, kama sisi tusivyouliza nani amekata miwa ya sukari tuliyotia kwenye chai ya mapumziko.

Neno la mwisho ni la wanafunzi, na ni la kazi. Atakayefika Italia siku moja atapelekwa Pompeii mjini, na hiyo ni haki yake. Lakini apande treni tena aende Boscoreale. Jumba dogo la makumbusho lilifunguliwa pale mwaka 1991, kando ya nyumba yenyewe. Nyumba iko chini, ndani ya shimo refu, kwa sababu huo ndio usawa wa ardhi wa mwaka 79, na juu yake pande zote kuna magorofa yenye nguo zilizoanikwa kwenye roshani. Mizabibu imepandwa tena kuizunguka. Apime umbali kati ya mstari na mstari, anitumie.

Sasa nipokee maswali. Naona yule mzee wa pale nyuma amenyoosha mkono tangu niliposema mitungi iliachwa juani. Mpeni kipaza sauti, tafadhali, maana nahisi hajaja kuuliza, amekuja kubishana.